Umbali wa Shikamoo

Mtu anayetafuta lenzi kuukuu ya kupigia picha za sura huanza na bei. Baada ya bei huuliza ukali wa kioo, na baada ya ukali huuliza iwapo itaingia katika kamera yake. Liko swali la nne ambalo aghalabu humjia akiwa amekwisha kulipa: kwa lenzi hii, atasimama wapi? Umbali ulio baina ya anayepiga picha na anayepigwa ndio unaoamua sura itatokaje. Na katika nchi ya Masasi na Newala, ambako sura za watu zimekuwa zikipigwa picha kwa zaidi ya miaka mia moja, umbali huo una tarikhi yake na una adabu yake.

Masasi umekaa chini, baina ya vilima vya mawe vilivyochomoza kimoja kimoja juu ya nchi tambarare. Kutoka hapo barabara hupanda kuelekea uwanda wa juu wa Wamakonde, na ukingoni mwa uwanda huo ndipo ulipo mji wa Newala. Anayesimama mahali paitwapo Shimo la Mungu huiona ardhi ikikatika ghafla mbele ya miguu yake, na bonde la Ruvuma likitandazika chini hadi upande wa Msumbiji. Juu ya uwanda hakuna mito. Kabla ya mradi wa maji wa miaka ya 1950, wanawake walishuka magengeni kuyafuata maji na kupanda tena na mitungi kichwani, na hata baada ya mradi huo maji hayakuacha kuwa jambo la kuhesabiwa. Asubuhi za kipupwe ukungu hupanda kutoka bondeni ukazifunika nyumba na mikorosho, na jua hulazimika kungoja zamu yake.

Katika mji wa Masasi yuko mpiga picha mmoja ambaye kazi yake ni ile ya wapiga picha wote wa miji midogo: harusi, mahafali, picha za pasipoti, na watoto wanaotoka jandoni na unyagoni wakiwa na nguo mpya. Kamera yake ni Canon ya mtumba yenye kitambuzi kidogo cha mwanga, na lenzi aliyoipata pamoja nayo ni ile ya kuvuta ya milimita 18 hadi 55, nyepesi, ya plastiki, inayofanya kila kitu kwa kiasi. Msimu mmoja, baada ya korosho za familia kuuzwa mnadani na malipo kupita katika chama cha msingi, alibakiwa na fedha za kununua lenzi moja tu, tena isiyo mpya. Hakuitaka kwa ajili ya harusi. Aliitaka kwa ajili ya bibi yake mzaa mama, aishiye katika kijiji kimoja jirani na Newala.

Bibi huyo ni wa kizazi cha mwisho cha aina yake. Usoni ana nembo, yaani zile chale za Kimakonde alizochanjwa alipokuwa msichana, zikasuguliwa kwa mkaa hadi zikatulia katika rangi ya samawati iliyokolea. Na juu ya mdomo ana tundu la ndonya, kile kipambo cha mti kivaliwacho katika mdomo wa juu, ambacho hakivai tena. Binti zake hawakuchanjwa. Wajukuu huziangalia nembo hizo kama mtu aangaliavyo mwandiko wa kale ambao herufi zake anazitambua lakini kuusoma hawezi. Na katika umri wake wote bibi alikuwa na picha mbili tu: ya kadi ya mpiga kura na ya kitambulisho cha Taifa. Katika zote mbili aliambiwa atazame mbele, afunge mdomo, asitikisike.

Hapo ndipo ilipoanzia kazi ya kuchagua, na ni vyema msomaji asiyekuwa na kamera aelezwe kwanza jinsi mambo yalivyo. Sura ya mtu ina vilima na mabonde yake. Mpigaji akiisogelea hadi nusu mita, pua huwa karibu naye mno kuliko masikio, hivyo hutoka nene na masikio hukimbilia nyuma. Akirudi hadi mita moja na nusu au mbili, tofauti hiyo hupungua, na sura hutulia katika uwiano ambao macho ya watu wanaozungumza yameuzoea. Akienda mita sita au saba, uso huanza kulala bapa. Yote hayo hufanywa na miguu ya mpigaji. Kazi ya kioo ni kuijaza fremu kwa uso kutoka pale mtu aliposimama.

Kwa kamera yenye kitambuzi kidogo kama ile ya Masasi, hesabu yake ni nyepesi. Mtu akitaka kichwa na mabega vijaze fremu iliyosimamishwa wima, lenzi ya milimita 58 itamweka kiasi cha mita moja na nusu kutoka kwa anayepigwa. Ya milimita 85 itamweka mita mbili na zaidi kidogo. Na ya milimita 135 itamrudisha mita tatu na nusu. Akitaka kiwiliwili cha mtu aliyeketi, azidishe umbali huo takriban mara mbili. Lenzi hizi hazivuti. Ukubwa wake ni mmoja, nao humfunga mpigaji kama mizani zinavyomfunga mtunga shairi: aliyekwisha kuchagua mizani kumi na sita hawezi kuongeza ya kumi na saba kwa sababu neno limemkalia vibaya, hulitafuta neno jingine. Vivyo hivyo mwenye lenzi isiyovuta hutafuta mahali pengine pa kusimama.

Waama, sokoni uchaguzi si haba. Lenzi za milimita 135 zilitengenezwa kwa wingi mno Ujerumani Mashariki, Urusi ya Kisovieti na Japani katika miaka ya 1960 na 1970, kwani ndiyo iliyokuwa lenzi ya pili ya kila mwenye kamera. Kwa hiyo zimejaa, na mara nyingi ndizo za bei ya chini kuliko zote. Kioo chake huwa kikali, na mandhari ya nyuma huyeyuka kwa utulivu. Lenzi ya Kisovieti iitwayo Jupiter-9, ya milimita 85, ina vibapa 15 vinavyolizunguka tundu lake, hivyo tundu hubaki duara hata likifinywa, na ngozi ya mtu hutoka laini. Bei yake, hata hivyo, imepanda, na nyingi zimefunguliwa na mafundi wasiojua kuzirudisha. Ziko Takumar za Japani za milimita 55, zilizoundwa kwa ustadi, ambazo pete yake huzunguka kama iliyopakwa samli. Baadhi ya Takumar zina kioo kilichochanganywa na thoriamu, na kioo hicho hugeuka manjano kadiri miaka inavyopita. Wenye subira huianika lenzi juani kwa siku kadhaa, kama waanikavyo korosho, na umanjano hupungua.

Kisha iko Helios 44-2, ya milimita 58, yenye tundu la f/2. Hii ndiyo lenzi ya maskini wa dunia nzima. Asili yake ni Biotar ya kampuni ya Zeiss, iliyobuniwa na Willy Merté mjini Jena, Ujerumani, mwaka 1927. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Wasovieti walichukua kutoka Jena mitambo na michoro kama fidia ya vita, na katika kiwanda cha Krasnogorsk karibu na Moscow lenzi ya ubunifu huo ikatolewa kwa jina jingine, ikafungwa katika kamera za Zenit, ikaenea kwa mamilioni. Kwa wingi huo, bei yake kwa kawaida haifiki robo ya lenzi mpya ya milimita 85. Ina kasoro moja ambayo wengi wameigeuza kuwa sifa: majani ya miti yaliyo mbali nyuma ya mtu huonekana yakizunguka, kama maji yanayozungushwa katika beseni, na uso ukabaki umetulia katikati.

Jina la Jena lina jirani yake ambaye Newala imewahi kukutana naye. Mji wa Leipzig uko mwendo wa chini ya kilomita mia moja kutoka hapo, na kutoka Leipzig ndipo alipotoka Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya mila za watu, aliyefika Lindi mwaka 1906 na kusafiri hadi Masasi, Chingulungulu na Newala. Alikuja na kamera, na mashine ya kunasa sauti kwa mirija ya nta, na hata mashine ya picha zinazotembea. Vita vya Maji Maji vilikuwa havijaisha kusini. Misheni ya Masasi, iliyoanzishwa mwaka 1876 na Askofu Edward Steere pamoja na watu waliokombolewa utumwani, ilikuwa imechomwa moto mwaka mmoja tu kabla. Weule alitembea akisindikizwa na askari. Kitabu chake kilitoka mwaka 1908, na mwaka 1909 kikatafsiriwa kwa Kiingereza na Alice Werner, yule yule ambaye baadaye alifundisha Kiswahili London na ambaye wapenzi wa tenzi wanalijua jina lake.

Mwenye kukifungua kitabu hicho atawaona watu wa uwanda wa Wamakonde wamesimama mbele ya kioo: wanawake wenye ndonya, wazee wenye chale, vijana wa jandoni. Wakubwa wachache, kama Matola na Nakaam, wametajwa kwa majina yao. Wengi wametajwa kwa kabila tu, au kwa kile kilicho mdomoni mwao. Zipo sura zilizogeuzwa ubavu ili chale zihesabike vizuri. Haifai kuzidharau picha hizo, kwani bila ya hizo mambo mengi yangekuwa yamepotea. Wala haifai kusahau kwamba nyuma ya kamera palikuwa na bunduki, na nyuma ya bunduki palikuwa na mwaka wa njaa na vijiji vilivyoteketea. Aliyeambiwa asimame alisimama.

Lakini katika kitabu hicho hicho liko jambo jingine la kufurahisha. Weule aligawa penseli na karatasi, akawaomba watu wachore watakacho. Na miongoni mwa michoro iliyochapwa umo mmoja, kazi ya mtu wa msafara wake, unaomwonyesha Weule mwenyewe, Bwana Pufesa, kama walivyomwita. Yaani yule aliyekuja kutazama naye alitazamwa, na kutazamwa huko kukachapwa.

Pwani ilikuwa na njia nyingine. Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, Mombasa, N. V. Parekh alifungua studio yake mwaka 1942. Humo mtu aliingia kwa miguu yake, amevaa alichokichagua, akalipa, na kwa kuwa amelipa alikuwa na haki ya kusema: hapana, nipige tena, shingo imekaa vibaya. Umbali ulikuwa ni ule wa chumba. Fundi alitoka nyuma ya kamera, akanyoosha kola, akainua kidevu kwa ncha ya kidole, akarudi. Huku uwandani nako wachongaji walikwisha kuwa na picha zao za sura kabla ya kamera yoyote: vinyago vya mapiko hubeba nembo na ndonya, na vingine hubandikwa nywele za mtu hasa. Mchongaji hufanya kazi na mti mapajani, umbali wa mkono wake.

Mpiga picha wa Masasi hakuanza na tarikhi hii. Alianza, kama wote, na bei. Mwenzake wa Mtwara alikuwa na lenzi ya milimita 135 aliyotaka kuiuza rahisi, akamwazima wiki mbili aijaribu. Akapanda nayo Newala. Bibi alikuwa ameketi nje ya jiko akipepeta, na mjukuu, kwa kutotaka kumkatiza, alisimama chini ya mkorosho ng'ambo ya ua, akalenga, akapiga picha kadhaa. Zilikuwa picha nzuri. Kila nembo ilionekana, na nyuma yake ukuta wa udongo ulikuwa umeyeyuka ukawa rangi tupu. Aliporidhika akasogea, akaamkia, akamwonyesha.

Bibi aliitazama kwa muda. “Hapa wewe ulikuwa wapi? Mimi sikukuona.”

“Nilikuwa kule, bibi, kwenye mkorosho.”

“Basi huyu kachunguliwa,” akasema bibi, akarudia ungo wake.

Hakuwa na hasira. Alikuwa ametaja kasoro ya picha kwa usahihi kuliko ambavyo angeitaja mwalimu wa fani hiyo. Katika picha zile macho yake hayakuwa yakimtazama mtu yeyote. Yalikuwa kwenye mchele. Lenzi ya milimita 135 ilimruhusu mjukuu kupata uso kabla ya kutoa salamu, na katika nchi hii salamu ndiyo mlango. Mgeni hupiga hodi ukingoni mwa ua, hukaribishwa, husogea, huinama kidogo, husema “shikamoo,” na hungoja “marahaba.” Umbali wa kusemeana maneno hayo bila ya kupaza sauti, kwa mzee ambaye masikio yameanza kuchoka, ni mita moja na nusu hivi. Ni umbali ule ule ambao lenzi ya milimita 58, katika kamera ile, huujaza uso. Hapo uchaguzi ukawa umekwisha kufanyika wenyewe. Lenzi ya Mtwara ikarudi kwa mwenyewe, na fedha za korosho zikaenda kwa Helios.

Wahenga walisema rahisi inavunja upishi, na mnunuzi wa kioo cha mtumba anapaswa kulikumbuka hilo. Helios 44-2 hushikwa kwa hesi ya milimita 42, mtindo ulioanza na kamera za Dresden mwaka 1949 na kuenea duniani hata ukawa kama lugha ya biashara. Katika kamera za Canon za kioo, pete nyembamba ya chuma yatosha kuifunga, na lenzi italenga karibu na mbali. Katika kamera za Nikon za aina hiyo pete peke yake haitoshi, kwa kuwa nafasi baina ya lenzi na kitambuzi imezidi kidogo, na vya mbali havitalengeka. Katika kamera mpya zisizo na kioo ndani, karibu kila lenzi kuukuu huingia kwa mrija wa kuunganishia. Helios 44-2 ina wema mwingine: tundu lake hufinywa kwa pete mbili za mkono, wala haitegemei msumari wa kamera ya zamani, ambao ukikosekana baadhi ya lenzi za hesi hubaki wazi daima.

Mnunuzi aje na tochi. Amulike kutoka nyuma, atazame mbele. Vumbi dogo lisimtishe, na mkwaruzo mwembamba wa kioo cha mbele haudhuru sana. Mkwaruzo wa kioo cha nyuma hudhuru. Azungushe pete ya kulenga kutoka mwanzo hadi mwisho: ikiwa ngumu, grisi imekauka, ikilegea, huenda imewahi kufunguliwa. Atazame vibapa vya tundu kama vina mafuta. Aitikise karibu na sikio. Kisha atafute kuvu, zile nyuzi nyeupe kama utando wa buibui mchanga ukingoni mwa kioo. Hapa wasomaji wa visiwani hawahitaji kuhadithiwa: lenzi iliyofungiwa kabatini Unguja au Mtwara mjini kwa masika mawili hupata kuvu kama nguo za sandukuni. Jua huua kuvu, ila pale kilipokwisha kuila ngozi ya kioo alama haiondoki. Lenzi inayopendwa hukaa mahali pakavu, penye hewa, pamoja na vile vipakiti vinyonyavyo unyevu, na dawa yake kubwa ni kutumiwa.

Kiswahili kina neno moja, ukungu, kwa mambo ambayo mafundi wa kamera huyatenga: ukungu wa asubuhi bondeni, ukungu unaoota juu ya vitu vilivyokaa bila kuguswa, na, kwa wengi wanaopiga picha, ukungu wa nyuma ya mtu aliyelengwa. Mpiga picha wa Newala huyakuta yote matatu katika kazi moja, na ni lazima ajue upi ni adui. Ukungu wa ndani ya lenzi huondoa weusi katika picha na kuufanya uso kuwa wa majivu. Ukungu wa bondeni, ukianza kupanda na jua likiwa nyuma yake, ni taa kubwa na laini kuliko yoyote inayouzwa madukani.

Yako maneno ya kupinga, nayo ni ya haki. Canon yenyewe inatengeneza lenzi mpya ya milimita 50, ya f/1.8, inayojilenga yenyewe na ambayo bei yake haipiti kiasi ya wengi. Kwa harusi, kwa watoto wanaokimbia, kwa mtu ambaye macho yake yamechoka, hiyo ndiyo ya kununua, na anayemshauri vingine anampotosha. Helios hulengwa kwa mkono. Katika tundu la f/2, kwa mita moja na nusu, sehemu iliyo kali haizidi sentimita chache: jicho likiwa kali, sikio limekwisha kuingia ukunguni. Mpigaji huzungusha pete, hupoteza, hurudi, hupoteza tena. Anayepigwa huona kwamba anatafutwa. Kwa muda huo huuliza habari za wanaoumwa, bei ya korosho, na kwa nini mjukuu haoi. Uso uliojipanga kwa ajili ya kitambulisho huanza kuchoka kujipanga. Kwa kazi hii moja, uzito huo wa pete una faida yake.

Mwanga nao ulihitaji hesabu yake. Kamera hupima mwanga kwa kudhani kwamba dunia, kwa wastani, ni ya kijivu. Uso mweusi ukijaza fremu, na nyuma yake pakawa na ukuta wa udongo wenye kivuli, kamera hudhani kuna giza, ikaongeza mwanga hadi ngozi ikapauka na nembo zikafifia. Mjukuu alijifunza kupunguza hatua moja, wakati mwingine moja na nusu. Tena alijifunza kwamba nembo haziko rangini tu. Zina kina chake, na mwanga unaotoka mbele huzilaza. Zilihitaji mwanga wa ubavuni. Kwa hiyo alimsogeza bibi mlangoni, pale ambapo nusu ya uso hutazama nje na nusu hutazama nyumba.

Asubuhi ya pili, ukungu ulipoanza kuachia mikorosho, alipiga hodi, akaamkia, akaitikiwa, akaketi juu ya kigoda mbele ya bibi, magoti yao yakiwa hatua mbili tu. Kamera ilikaa mapajani mwake kwa muda mrefu kabla ya kupanda machoni. Bibi alivaa ushungi mpya na kuuvua, akavaa wa kila siku. Alitazama moja kwa moja ndani ya kioo, na kwa kuwa kioo kile ni kikubwa na kimewekwa mbele kabisa, alijiona mdogo ndani yake, akacheka. Hiyo ndiyo picha iliyopatikana. Mdomo umefunguka, tundu la ndonya limevutika kwa kicheko, na nembo za shavu zimepinda pamoja na shavu, jambo ambalo sura iliyoamriwa kutulia haiwezi kulionyesha: kwamba mistari ile ilichorwa juu ya kitu kinachocheka.

Kisha bibi akataka kuishika kamera. Mjukuu akamwekea mkono chini ya lenzi, akamwonyesha pete. Aliizungusha kwa vidole vilivyozoea kuchambua nafaka, mbele, nyuma, mbele tena, akimtafuta mjukuu, na alipodhani amempata akabonyeza. Picha haikuwa kali. Ulengaji uliangukia mlango. Kijana anaonekana ndani ya ukungu, na nyuma yake majani ya mkorosho yanazunguka.

Zote mbili zilisafishwa Masasi kwa ukubwa mmoja na zikatiwa fremu zinazofanana. Nyuma ya ile ya kwanza liliandikwa jina kamili la bibi, jina la mama yake, la kijiji, na tarehe. Nyuma ya ya pili liliandikwa jina la mjukuu, na chini yake, kwa kuwa bibi alisisitiza, jina la aliyepiga.